Papa, Damu Yako Imo Ndani Yangu

Papa yangu,

Nakuandikia wewe uliyelala, kwa sababu walio hai naona haya kuwaambia yote.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiteremka shambani Mumosho kupalilia mihogo, wewe mbele na jembe begani, mimi nyuma nikikimbia nisiachwe? Ulikuwa na mgongo mpana. Ulibeba mawe ya kujengea watu nyumba kwenye miteremko ya Kadutu, na Jumapili bado ulimbeba Bahati, mdogo wangu, hadi kanisani. Kisha mgongo huo ukaanza kukuuma. Siku moja uliinama kufunga kiatu, ubavu ukavunjika. Majirani zetu wa Cimpunda walinong'ona kwamba umerogwa. Hospitalini walituambia ni kansa ya damu inayokula mifupa, nawe ukatukataza kulitoa neno hilo nje ya nyumba.

Mama alikuwa amekutangulia na Bahati alikuwa Mwenga akichimba dhahabu, kwa hiyo nilikuosha mimi. Ulijifunika uso kwa taulo ukasema, "Mutoto wangu, usiniangalie." Niliangalia ukuta, mikono ikikutafuta bila macho. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuona haya kama sisi wawili asubuhi zile.

Sasa sikia. Mwaka huu madaktari walikuja kwenye ukumbi wa parokia kupima damu ya watu wazima, wakitafuta hali inayoweza kutangulia kansa ya damu. Walitaka watu wa kila aina, Washi, Warega, Wafuliiru, wa mjini na wa machimboni, kwa sababu, walisema, hali hii inatupata zaidi sisi watu weusi, lakini wanaopimwa sana ni watu weupe wa nchi za mbali. Nikatoa mkono wangu.

Niliporudi kwa majibu, daktari, mwanamke kijana, aliniita pembeni. Alisema damu yangu ina protini isiyotakiwa kuwamo.

"Hii haiko kansa, maman," aliniambia. "Inaweza kulala vile maisha yako yote. Lakini inaweza pia kuamka, ndiyo maana tutakuwa tunaipima."

Akauliza kama kuna mtu wa familia aliyeugua kansa ya damu. Nilikutaja kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie. Basi akasema ndugu yangu naye apimwe.

Nyumbani niliwaambia watoto kwamba damu iko sawa. Nilioga mlango umefungwa na kitambaa chini yake, kama mtu aliyeiba. Kwa nini nilijificha, papa? Hakuna kibaya nilichofanya.

Bahati alipokuja kutoka Mwenga, nilimwona akikaa huku ameshika kiuno. Alisema ni kazi ya shimo tu. Nikamwambia yote, nikiangalia sahani yangu.

"Yaya, dada yangu, uko na ile ya papa?" aliuliza.

"Niko na ile inayoweza kuitangulia."

Alikubali twende kwa daktari. Damu yake ilikuwa safi; kiuno ni cha shimo kweli. Alinigeukia akicheka, na mimi, papa, sikufurahi. Nilimwonea wivu ndugu yangu, yule niliyemlea. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu. Hilo nakuambia wewe peke yako.

Alinifuata, tukakaa kwenye benchi. Maman mmoja anayeuza samaki karibu na meza yangu sokoni alikuwa akipita, akauliza tunafanya nini pale. Nilikuwa tayari kusema malaria.

"Papa yetu alikufaka na kansa ya damu," Bahati alimjibu. "Tulikuja kupimwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule maman hakusogea mbali. Alikaa, akaweka beseni lake chini, akasema mama yake amevunjika mkono kwa kunyanyua sufuria tu, na kwao wamemfungia ndani kwa sababu watu wanasema vibaya. Aliuliza kama madaktari wanaweza kumpokea mama yake.

Nilinyanyuka nikampeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Mlangoni daktari aliniuliza kama ni ndugu yangu.

"Hapana," nilisema. "Ni jirani. Mimi ndiye niko na ile protini."

Yule maman alinishika mkono, tukaingia.

Bado naona haya, papa. Jioni nilipowaambia watoto ukweli, niliinamisha kichwa. Lakini niliwaambia, na nilikutaja kwa jina.

Pumzika. Hukurogwa.

Binti yako mkubwa