Mikungu ya Izigo Imeua Injini

Bukoba

Mama, shikamoo.

Kwa heshima zote, na wanaoweza kusimama wasimame, natangaza kwamba ringi za pistoni ya pikipiki yangu zimefariki dunia zikiwa changa. Sisi tuliobaki tu wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili. Na macho yako je? Bado unamtambua mtu akiwa mlangoni, au mpaka akohoe?

Nilikuahidi kwamba mwezi huu nitakuletea huyo mtoto huko Singida umwone kabla ukungu wa macho haujafunga kabisa, na kwamba tutaingia uani kwa ile pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku ya chuma ubavuni. Masanduku hayo ndiyo yaliyoniponza. Ukweni Izigo mgeni haondoki mikono mitupu, na mkwe mwenye masanduku anahesabiwa ana mikono minne. Kila Jumapili tukiaga, mama mkwe anayagonga kwa kidole. Kwa adabu yake hasemi nami moja kwa moja. Anamwambia binti yake, nami nasikia:

"Waitu mwanangu, mumeo aondoke masanduku yakilia matupu hivi? Watu watasema tumemnyima."

Basi mkungu huku, mkungu kule, wa tatu juu, maharage, na galoni ya lubisi ya baba mkwe mdogo, pombe ambayo kifuniko chake hakijawahi kufunga. Katikati ya shehena hiyo, mke wangu na mtoto mgongoni. Kukataa ni tusi. Mlimani injini inakoroma kama nguruwe, lubisi inachuruzikia eksozi na kuungua. Tunafika mjini tukinuka kilabu kilichoshika moto, nzi wanatusindikiza.

Juzi ikaanza kutoa moshi wa bluu. Fundi akamwaga oili: nyeusi, nzito, inavunda, chembe za chuma zinameremeta ndani yake. Nilitema mate. Pistoni imeparurwa utadhani na paka, klachi imeungua, meno ya sproketi yamechongoka.

"Kaka, ulikuwa unabeba nini?"

"Upendo."

"Punguza. Hii injini ni ya juzi tu, lakini ndani ni kikongwe. Singida haifiki. Hata Muleba haifiki."

Tukaenda Izigo bila pikipiki, nikaeleza yote mpaka ile oili. Mama mkwe alisikitika kweli. Akamgeukia binti yake: "Maskini. Basi kwa mama mkwe wako mtapeleka mikungu mitano, maana safari hii hakuna pikipiki ya kuonea huruma."

Mama, siku hizi nikiona ndizi navuka barabara. Na wewe unasubiri, nami sina cha kukufikishia mjukuu.

Nisalimie dada anayekusomea haya, asiruke mahali. Mjomba mchunga mbuzi najua atacheka. Mwambie acheke akiwa amekaa.

Mwanao kitindamimba,
Elia

Mkweo amesoma barua hii, anasema niongeze kwamba basi linalopita Singida husimama mbele ya nyumba yetu kila asubuhi.