Maskati au London, Mama

Mama yangu,

Nasra nshamlaza, kaka yake yuko chuoni anasoma Kurani, na adhuhuri nshaisali. Nimekaa ukumbini, pale pale tulipokuwa tukikuwekea kiti chako upate upepo wa dirishani. Kalamu ni ya skuli ya mtoto na inakatakata wino, kwa hiyo maneno yakipauka usidhani nimelia. Kulia nako kunataka nguvu, na mimi siku hizi sina.

Nimechoka, Mama. Nakwambia wewe kwa sababu nikimwambia mtu mwengine ananipa dawa. Mmoja kanambia ninywe asali na habbasoda. Mmoja kanambia nimepigwa jicho, nikasomewe. Bi. Mize wa nyumba ya pili yeye kanitazama juu mpaka chini, kanambia, "We Mwanaidi, hiyo mimba hiyo, usinifiche." Sina mimba. Nimechoka tu. Mwili bado unaamka kabla ya adhana ya alfajiri uje kukugeuza ubavu, usifanye vidonda. Nakaa kitako, natia mguu chini, ndipo nakumbuka kuwa kitanda chako kilishatolewa. Basi tena, usingizi umeshakwenda zake.

Lakini sikushika kalamu ili nikulalamikie. Nina habari. Mwanao nasafiri. Mimi huyu, ambaye nikivuka kwenda Dar boti haijakipita kisiwa cha Chumbe nshaomba mfuko wa kutapikia, nakwenda nchi za watu kwa ndege.

Ilianza mara tu ulipokwisha msiba wako. Kaka Suleiman anapiga simu kutoka Maskati, Rahma anapiga kutoka London, na wote wawili wimbo wao mmoja: umemuuguza Mama peke yako, sisi tulikuwa mbali, njoo upumzike. Kila mmoja akapanga lake kimya kimya bila kumwambia mwenziwe, ati iwe zawadi ya kunishtukiza. Ndio wanao hao. Si unaikumbuka Idi ile walipokuletea kila mtu kitambaa chake, rangi moja, maua yale yale?

Mume wa Rahma akatengeneza makaratasi ya viza, mimi nikenda Dar kutia alama za vidole. Mashine ikavikataa vidole vyangu. Yule kijana wa pale kanifutisha, kanipakisha mafuta, kanifutisha tena, mwisho kaniuliza, "Kwani dada unafanya kazi gani?" Nikaitazama mikono yangu. Mashuka yako yale, sabuni, na maji ya moto ya kukukandia ule upande uliolala, vimenikwangua vidole vimekuwa laini kama sahani. Nikamwambia, "Nilikuwa nauguza." Akainamisha kichwa. "Pole sana. Hebu tujaribu dole gumba."

Nikarudi nyumbani nikijua sitapewa. Nikapewa. Na wiki ile ile Kaka akanitumia viza ya Maskati kwenye simu, na sauti yake ile ya amri: "Jitayarishe. Nshakata tiketi."

Sasa uone mkasa. Makame kaniruhusu wiki sita, haongezi. Wa kukaa na watoto ni mama mkwe, aje kutoka Mkokotoni, na goti linamsumbua, hawezi kuja mara mbili. Na likizo ya Kaka na siku alizonitakia Rahma zimeangukia mwezi mmoja. Kwa hiyo safari ni moja. Mji mmoja niende, mmoja niuache.

Nikamuuliza Makame. Unamjua mkweo, anatengeneza friji ya mtu huku anakusikiliza kwa sikio moja. Akasema bila kuinua kichwa, "Chagua mwenyewe. Nikikuchagulia mimi, utanilaumu mpaka tuzikwe."

Mtaa wetu mzima wa Jang'ombe ukawa unaijua miji hiyo kuliko wanaoishi huko. Binti yake Bi. Mize ananambia, "Dada, Maskati si soko la Darajani tu lililotiwa kiyoyozi? Nenda London watu wakujue, ukapige picha na ile saa yao kubwa." Mama yake akamkata: "Ajulikane na nani, na baridi hiyo? Kanga akifua leo itakauka lini? Mwanaidi, mwanangu, nenda kwa watu wanaokula wali."

Moyo wangu mimi ulikuwa Maskati, nikwambie kweli. Kwa Kaka kuna mtumishi. Kuna chumba cha wageni chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mama, mlango unaofungwa! Nilikuwa nakiwaza chumba kile hata nikiwa nakanda unga. Kisha Kaka akalitoa neno lake kubwa. "Alhamisi ile ukishafika tunapanda basi la umra, mimi na wewe, mimi ndugu yako ndiye maharimu wako. Ufanye yako kwanza, halafu umfanyie Mama."

Hapo nikakukumbuka wewe. Kila Ramadhani ulikaa mbele ya televisheni kutazama tarawehe za Makka, umejitanda vizuri kama vile wale watu nao wanakuona. "Nyumba ile nitaifika," ulikuwa ukisema, kama mtu anayesema kesho atakwenda sokoni. Na hata baada ya kiharusi, mdomo umekwenda upande, ilipoonyeshwa Al-Kaaba ulininyooshea kidole kile kimoja kilichobaki na uhai, ukanitazama. Nilikuwa nikikuahidi wakati ule kila kitu, ilimradi umeze uji.

Basi nikasema imekwisha, nakwenda Maskati.

Na Rahma, Mama, ana jambo hukuwahi kulijua. Ana mimba. Kubwa sasa, zimebaki wiki chache ajifungue. Ndiyo iliyomzuia kuja kukuzika. Ilikuwa changa, inatishia kutoka kama zile mbili za mwanzo, daktari kamkataza kupanda ndege. Hakutaka kuisema mpaka itulie, na ilipotulia wewe hukuwepo wa kuambiwa. Kwa hiyo nakwambia mimi. Utakuwa bibi tena, inshaallah.

Hakuwahi hata mara moja kunambia nije kwa sababu ya uzazi. Alikuwa akinambia njoo utembee. Njoo nikupeleke ukaone kasri la mfalme, njoo tupande basi la ghorofa tukae juu mbele kabisa. Siku nilipompigia kumwambia nimechagua Maskati, hakubisha. "Umefanya vizuri, Dada. Kule utapumzika. Niombee dua." Tukazungumza ya nepi, ya baridi, ya mumewe na kazi yake ya zamu. Akanambia huko ukizaa leo, kesho umesharudi kwako na mtoto mkononi. Akacheka alipolisema hilo. Halafu, tumeshaagana, kaniuliza kama mtu anayeuliza kitu kisicho na maana:

"Dada, hivi Mama akimkanda mzazi alikuwa akianzia tumboni au mgongoni?"

Nikamwambia mgongoni. Akasema ahsante. Akakata simu.

Nikabaki jikoni, mkate wa kumimina unaungua na mimi nauona. Nani atamkanda, Mama? Mtu hajikandi mgongo mwenyewe.

Wanawake wa mtaa huu karibu wote wamepita mikononi mwako. Hapana aliyezaa ukamwacha mpaka arobaini yake imetimia: maji ya moto asubuhi na jioni, mkaja umefungwa tumboni, uji wa pilipili manga anywe huku anakunja uso. Mimi ulinichukua kukubebea ndoo, kisha ukanipa kitambaa, kisha ukaniachia mgongo wa mtu mzima. Ndiyo siku uliyonambia, "Anzia nyuma, asikuone uso. Akitaka kulia, alie." Nilipojifungua Nasra na nikalia, hukuniuliza kitu. Uliongeza maji.

Ndipo nikaelewa kuwa tangu mwanzo Rahma alitaka kuniomba akaona haya. Hakukuuguza, hakukuzika, ataanzaje kunambia mimi niliyefanya yote hayo kwamba na yeye nikamfanyie? Akaona bora anitajie kasri.

Nilikasirika. Nilisema kwa sauti, peke yangu, na masufuria: kwa nini mimi tena? Kila ninapoitwa nikapumzike kuna mwili wa mtu unaningoja. Nasra akanivuta gauni, anadhani nazungumza naye. "Sijafanya, Mama," akasema. Nikambeba.

Siku mbili tatu nilikuwa nakuuliza wewe. Nakuuliza nikifua, nakuuliza nikianika. Umra yako au mwanao? Wewe ndiye uliyeitaka nyumba ile, na wewe ndiye ungekuwa umeshafunga mzigo kwenda kwa Rahma, hata kwa mguu ule mmoja. Hukunijibu. Nikaona basi niamue mimi, na kama nimekosea utanisamehe, ulishanisamehe makubwa zaidi.

Nikampigia Kaka. Akapiga makelele, watu wa Maskati wote wamesikia. "London? Uiache umra ya Mama ukaangalie mvua?"

Nikamwacha amalize, kama ulivyokuwa ukimwacha. Kisha nikamwambia, "Kaka, wewe Makka umekwenda mara ngapi?"

"Nitazihesabu za nini?"

"Na tangu afe Mama?"

Nikasikia anasimamisha gari pembeni.

"Wewe si mwanawe? Si ndiye uliyemfungulia uzazi? Basi Alhamisi hiyo panda basi ukamfanyie wewe."

Akasema, "Hapana, hiyo ni haki yako, Mwanaidi, wewe ndiye uliyemuuguza, nilikuwekea wewe." Akasema ati yeye anaona haya hata kukutaja pale Makka, Mama, alikuwa akikutumia vitu tu. Nikamwambia, "Kaka, mimi sehemu yangu nshaifanya, kitandani pake. Hii ni yako." Nilisema kwa upole lakini sikurudi nyuma. Nikasikia anapenga kamasi. Kanambia kiyoyozi cha gari kina vumbi. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtoto wa chuoni, "Nitie nia kwa jina lake kamili, au niseme Mama tu?"

Rahma sikumpa nafasi ya adabu. "Nakuja," nikamwambia, "lakini kwanza sema unanitakia nini. Kasri sina haja nalo." Akaanza: Dada utachoka, Dada mimi nitajitahidi, huku wanawake wote wanajifanyia wenyewe. "Rahma. Sema." Akasema. "Njoo unikande, Dada." Na akalia mpaka mumewe akaja mbio akashika simu, masikini, anadhani uchungu umeanza.

Na kwa kuwa ameshaishika, nikampa masharti yangu palepale. Vyombo si vyangu. Kufua si kwangu. Na mchana, mtoto akilala na mimi nalala, na asinigongee mtu mlango hata akija huyo mfalme mwenyewe. "Sawa, shemegi," akasema, "nimesikia." Rahma akacheka kwa nyuma, pua imeziba. Mama, nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu ulipoondoka.

Makame nimemwambia vilevile. Nikirudi, wiki ya kwanza sipiki. Akauliza, "Tutakula nini?" Nikamwambia hapo ndipo na yeye atachagua mwenyewe.

Sitaki kukudanganya kwamba uchovu umeondoka. Umo humu humu, nitapanda nao ndege na nitashuka nao. Kile chumba cha Maskati bado nakiwaza. Na naogopa: nikimkanda Rahma nitakuwa nawaza kama mkono wangu umefika pale mkono wako ulipokuwa ukifika. Lakini nimeshaamua, na nalala angalau kidogo tangu nilipoamua.

Jumapili naondoka. Kwa hiyo nakuaga hapa, mtoto hajaamka.

Kuna kitu kimoja nakipeleka London ambacho sijamwambia mtu, hata Makame. Siku zako za mwisho, ulimi umeshakuwa mzito, ulikuwa ukiniita Rahma. Nakulisha, Rahma. Nakugeuza, Rahma. Mara ya kwanza nilikurekebisha: "Ni Mwanaidi, Mama." Ukatikisa kichwa, ukaniita tena Rahma. Iliniuma, sitakuficha. Nilitoka nje nikashika ukuta wa choo nikasema, mimi niko hapa, mbona anamuita asiyekuwepo? Kisha nikarudi. Baadaye nikaacha kukurekebisha. Ukiita "Rahma," naitika, "Naam, Mama." Na uso wako ulikuwa unatulia.

Nilikuwa nimepanga nife nacho. Sasa nakuahidi nitampa Rahma mwenyewe. Siku atakayoniuliza kama ulimkasirikia, na ataniuliza, nitamwambia kwamba jina lake ndilo lililobaki mdomoni mwako mengine yote yalipoondoka. Kwamba ulimwita, na kila ulipomwita, aliitika.

Mola akupe nuru huko uliko, Mama, na akupokelee umra atakayokufanyia Kaka.

Mwanao,
Mwanaidi