Zahanati Mbili Zisizojulikana Zilipo

Bron, nimejifungia chooni kazini. Nimechoka mimi.

Leo tumezindua ile ripoti ya misaada tunayotoa nchi za nje. Nikasoma mbele ya watu kwamba tumejenga zahanati tatu kisiwani Epi.

Nesi Leimara, tuliyemleta hapa Canberra kutoka hukohuko Epi, akanyoosha mkono. "Dada, mimi naijua moja, ninamofanyia kazi. Hizo mbili ziko wapi?"

Ziko wapi, Bron. Ni ileile moja. Niliiingiza mara tatu: kwenye fungu la afya, la wanawake, na la tabianchi kwa sababu ina umeme wa jua. Kompyuta ikajumlisha zikawa tatu.

Bosi akaninong'oneza, "Mwambie tutamwandikia barua." Nikamwambia.

Leimara akafungua daftari. "Nitajie tu vijiji zilipo, niwaelekeze watu. Nina wajawazito wanaotembea siku nzima kunifuata."

Bado yuko ukumbini, ameshika kalamu, ananisubiri.