Kasongo, Masikio Yako Nimeyakuta Chini ya Kamyo

Kasongo, muongo mukubwa,

Leo sikusalimii. Salamu ni ya bantu ya kweli.

Tangu tulikuzika, kamyo yako ya kubeba makala ililala tu mu lupango ya nyumba, kuku wanataga chini yake. Mama Odette, muke wako, alitaka kuiuza. Alisema hakuna tena muntu mwenye masikio yako. Hata ku matanga yako bantu wote waliimba wimbo ule ule: Kasongo alisikia moteri inachoka mbele moteri yenyewe ijue. Minye nilikula tu mukate wao.

Unakumbuka siku nilichoma pistoni mu mulima wa Kamatanda? Ulininyang'anya usukani, volan yangu, mbele ya bantu. "Shuka, muzee. Weye hauna masikio, uko na matundu mbili ya kuwekea vumbi." Toka siku ile nikakuwa bwana wa kuweka majiwe nyuma ya magurudumu. Miaka yote, Kasongo! Na weye, kila mulima, unainua ile picha ya Mama Maria ku tablo, pale mbele ya volan, unaibusu, halafu unapunguza mafuta. Nilikucheka: "Acha Mama ya Mungu alale." Ukajibu: "Nyamaza, mupagani, nasikiliza."

Ulisikiliza nini, mushenzi?

Basi nilimuomba Mama Odette angoje. Nikanunua ku soko ya Kikula saa ndogo yenye sindano, ya kupima moto wa moshi, pamoja na sonde yake, kile kidude cha chuma chembamba sawa kalamu. Moshi ukizidi moto, pistoni inaungua, mpaka upunguze mafuta; sindano itakuwa masikio yangu. Nilitaka kutoboa bomba la moshi mbele ya turbo, pale moshi unatoka mu moteri moto kabisa. Nyuma ya turbo umekwisha kupoa, sindano itanidanganya. Nilipaka grisi ku ncha ya kutobolea, ishike unga wa chuma, usiingie mu turbo kuikata. Unaona? Hata muntu bila masikio anajua kazi. Nikafuta masizi na udongo nione pa kutoboa.

Tundu ilikuwa tayari pale.

Tundu yako, Kasongo! Imechongwa muzuri, sonde iko ndani, umeipaka udongo ili minye nipite bila kuiona. Nikafuata waya yake pole pole, chini ya kabini, nyuma ya tablo, mpaka... mpaka nyuma ya Mama Maria. Saa ndogo sawa yangu, inaniangalia mu macho.

Nilikutukana mpaka kuku walikimbia. Mama Odette akatoka mbio: "Papa Ilunga, nini tena?" Nikamuambia nyundo imeniangukia kidole.

Ncha ya sonde yako ilikuwa imeliwa yote na moto. Sindano imekufa. Njo maana miezi yako ya mwisho ulibusu picha mara tatu, mara ine, na sisi tukasema ugonjwa umemurudisha Kasongo kwa Mungu. Kumbe ulikuwa unagongagonga saa iamuke! Lakini moteri haikuungua. Miezi yote ile, bila sindano, haikuungua. Hapo... Hapana, hapo sisemi kitu. Usinichekee.

Nikafungua sonde yako, nikakaza yangu mu tundu yako, na saa yangu nyuma ya Mama Maria. Tukapakia makala, Mama Odette akaikala pembeni yangu, tukapanda Kamatanda. Katikati ya mulima nikainua picha, nikabusu. Sindano ilikuwa inagusa nyekundu. Nikapunguza mafuta.

"Papa Ilunga! Weye mwenye haujui hata mulango wa kanisa!" Halafu akapangusa macho. "Na uko na masikio sawa yake."

Kamyo haiuzwi tena. Volan ni yangu.

Sikusamehe. Ile picha itabakia pale pale, na siri yako nyuma yake. Si kwa heshima yako, ni kwa sababu sasa ni uongo wangu. Lala vibaya, Kasongo. Na siku nitafika huko, hata kama wamekupa kiti ya mbele, nakuahidi nitasema mbele ya watakatifu wote: "Shuka, muzee."

Halafu weye njo utaweka majiwe.

Ilunga