Mluzi Kwenye S

Jumapili, 6 Julai 2025

DAC imefika! Rafiki yangu Emanuel kaituma kwa basi la Katesh, kaifunga ndani ya sweta. Kiboksi chenyewe kinaenea kiganjani. Kazi yake ni ile ile ya yangu ya zamani: inapokea wimbo kutoka kwenye laptop, inaugeuza kuwa sauti, inaupeleka kwenye amplifaya. Lakini Emanuel anasema nikishaisikia hii, ya kwangu nitaitupa jalalani. Ameniazima mpaka misa ya Hilaria ipite.

Jumamosi ya tarehe 19 mke wangu anatimiza miaka sita kaburini. Watakuja ndugu zake wote kutoka kijiji cha Daudi. Baada ya misa nitawawekea ule wimbo wa kwaya anaouongoza yeye. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Simu yake ilikuwa ya tochi, haikurekodi kitu. Nataka safari hii wamsikie kama yuko sebuleni.

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Wateja wa redio hakuna. Nimefunga kibanda mapema nikaanza kazi.

Kwanza nimesawazisha sauti, maana inayopiga kwa nguvu ndiyo hudanganya masikio. Kisha ya zamani, mpya, ya zamani, mpya. Emanuel hakusema uongo! Ya zamani inawabana wanakwaya kwenye mlango mmoja. Mpya inampa kila mtu kiti chake. Kayamba ziko kushoto, sikuwahi kujua. Besi imekauka vizuri, haivumi.

Tatizo moja. Hilaria akifika kwenye s, mpya inatoa mluzi. Yesu, msalaba, sikia, kote. Mluzi mwembamba. Ya zamani haina. Sauti za juu kali mno basi. Emanuel kauziwa mbuzi kwenye gunia, maskini.

Jumatano, 9 Julai

Nimebadilisha waya. Mluzi upo. Nimeacha umeme wa ukutani nikatumia betri ya sola. Upo! Nimegeuza spika, nimetundika blanketi ukutani. Upo.

Cha ajabu, wengine hawana. Wanaume wa besi wanasema "msalaba" safi kabisa. Ni Hilaria tu. Sasa mashine inamchaguaje mtu mmoja?

Jioni mwanangu Rogathe amenisaidia. Nimegeukia ukuta, yeye anahamisha waya bila kuniambia, mimi nakisia ni ipi. Nimepata zote, kwa ule mluzi. Mara akapiga kelele: Baba, kumbe mama alikuwa anapiga mluzi kwenye s! Macho yanang'aa. Alikuwa na miaka minne mama yake alipokufa. Sura anaijua kwa video ya kwaya, sauti kwa huu wimbo, basi. Ameosha vyombo vyote akiimba na kuuigiza. Meno yake yamekamilika, inabidi asukume ulimi mbele ndiyo utoke. Nimecheka mpaka machozi. Sijacheka hivyo siku nyingi.

Ijumaa, 11 Julai

Gaudensia alipita na maziwa. Ndiye aliyekuwa rafiki wa Hilaria, walisimama pamoja kwenye kwaya miaka yote. Ameolewa hapa, kwao ni kijiji cha Getanuwas. Alipokuwa mdogo walimng'oa meno mawili ya mbele, ya chini, kwa mila ya kwao.

Rogathe akamwamkia shikamoo, akaitikia. Kisha akanigeukia: "Shemeji, siku zimekwisha. Sisi wanakwaya tusaidie nini?"

Nilikuwa namimina chai. Imefurika mpaka mezani.

Siku. Sisi. Tusaidie... Mluzi ule ule, na miaka yote huyu mama anaongea mbele yangu!

Nimemwambia chai ilikuwa ya moto sana.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimemshika Evarist, mwalimu wa kwaya. Nimeuliza kama utani, ni Hilaria kweli anayeimba? Akashangaa: kwani hukujua? Mwaka wa kurekodi Hilaria alikuwa na mimba ya Rogathe, daktari alimkataza barabara ya Arusha. Studio hakwenda. Sehemu yake aliimba Gaudensia. Video ikapigwa miezi baadaye, hapa hapa kanisani, Hilaria ameshajifungua, na wimbo ulikuwa wake, basi akasimama mbele.

Ndivyo kwaya zote zinavyofanya. Sauti kwanza, picha baadaye, midomo inafuata wimbo. Nalijua hilo! Nimewatengenezea watu wangapi spika za kupigia video hizo. Lakini mwaka ule nilikuwa Basotu kwenye mashamba ya ngano, kombaini halafu trekta. Nimerudi Krismasi, video iko tayari, naona mdomo wa mke wangu unafunguka. Ningeuliza nini? Nilimwambia, nakusikia wewe kabisa. Akacheka, akafunika uso na kanga.

Nimemkasirikia marehemu leo. Kwa nini hukusema, Hilaria? Kisha nimelia kuliko siku ya mazishi. Siku ile nilijua nimebaki na kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Sijawasha chochote.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudisha ya zamani. Pale mluzi hausikiki, wote wamebanana, unaweza kumwona humo umtakaye. Rogathe amekataa katakata. Anataka mpya, kwenye mpya mama ni mama. Amefanya mazoezi, Jumamosi ataimba juu ya wimbo mbele ya bibi yake. Nimeshindwa kumnyima. Mpya imerudi.

Gaudensia amekuja, Evarist kamwambia. Amesimama mlangoni, hataki kukaa. Anasema Hilaria ndiye aliyemkataza kusema. Nilifurahi mno ile Krismasi, akaona ataniharibia, mwishowe siku zikapita. "Niseme au ninyamaze, uamue wewe, shemeji. Mimi siwezi kumdanganya mtoto wako akiniuliza."

Nimesema nitafikiri. Nimefikiri nini? Hakuna.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimesimama, chumbani. Nimesema natafuta waya.

Misa imekwisha vizuri. Watu wamekula. Nikawasha. Mama mkwe alijifunika shuka kichwani tangu wimbo unaanza, anasema mwanangu, mwanangu. Rogathe akaimba juu ya wimbo, kila s na mluzi wake, huwezi kuzitenganisha. Hata mimi nilisahau. Hata mimi, Mungu wangu, nilimwona Hilaria!

Wakapiga vigelegele. Kisha Rogathe akaenda moja kwa moja kwa Gaudensia, akamshika mikono. "Mama mdogo, wewe ulisimama naye. Si alikuwa anafanya hivi?" Akamfanyia mluzi. Bibi akafunua uso asikie jibu.

Gaudensia amefumba mdomo. Ananitazama.

Ndipo nilipoingia huku. Waya ninao mkononi tangu mwanzo.

Simsikii Gaudensia. Nasikia Rogathe anauliza tena, taratibu, labda anadhani hakusikika.

Sasa anakuja. Viatu vyake kwenye sakafu.

"Baba! Mama mdogo anasema nikuulize wewe."