Ndege wa Asali na Sauti ya Bakari

Bakari,

Mvua ya kwanza imenyesha kwenye pori la kaskazini na maua ya mbugani yametoka. Wageni wamekwenda kuyaona. Aliyewatangulia njiani ni Zainabu, binti yako. Nakuandikia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayetaka alisikie jambo hili kabla yako.

Tangu tukuzike njia yako ilikuwa imeota majani. Kamati ya maliasili ya kijiji ilikaa zaidi ya mara moja kujadili nani azishike safari zako. Alijitokeza bwana mmoja wa mjini mwenye gari na darubini, ambaye hajawahi kulala porini. Zainabu naye akaomba. Wakamwambia aongoze msafara mmoja, wamtazame, halafu wataamua. Msafara mmoja tu, Bakari. Wewe uliachiwa miaka ya kukosea.

Aliyekuwa na mashaka zaidi ni mdogo wako Issa, ambaye bado ndiye anayebeba bunduki ya kijiji msafara unapopita kwenye njia za tembo. Hakusema Zainabu hajui pori. Alisema hawezi kumwita sego, yule ndege mdogo wa kijivu anayewaonyesha watu nyuki walipo. Unajua wageni walivyokuwa. Walikuja kwa ajili ya maua, lakini wakirudi Songea walichosimulia ni ndege. Na ule wito wako, ulimi unatetemeka kisha kifua kinaguna mara moja, uliupata kwa baba yako, aliyetoka nao kijijini kwao Namasakata.

"Haujawahi kupitia kwa mwanamke," Issa aliniambia. Kisha akashusha sauti. "Lakini dada, si unayo sauti ya kaka kwenye ile mashine yako ya kurekodi? Iweke kwenye simu, tumpigie ndege. Atajuaje kwamba mtu amekufa?"

Ninayo. Siku ile tuliporekodi kipindi cha redio ulinivua bangili kwanza, ukasema zinaongea kuliko mimi. Tangu ufe sikuwa nimeifungua. Niliifungua asubuhi moja jikoni kwangu, kuhakikisha haijaharibika. Ulipoita, paka aliacha chakula akatazama mlangoni. Sisemi ina maana yoyote. Nasema nilichokiona.

Niliihamishia kwenye simu, nikaenda nayo.

Wageni walikuwa kina mama wa kwaya kutoka mjini, wote kwenye vitenge vya sare kana kwamba wanakwenda kwenye jubilei. Ukungu ulikuwa umelala chini, kwa hiyo waliokuwa mbele yangu walionekana nusu, vichwa na mabega vikielea juu ya kitu cheupe. Miyombo ilikuwa na majani mapya, yale mekundu ya kabla hayajawa kijani, na kila jani lilidondosha maji kwa zamu yake. Nilikuwa natembea kama mtu anayeota. Kila nilipohesabu msafara nilipata mtu mmoja zaidi, na kila mara ilinibidi nikumbuke kwamba huyo wa ziada ni mimi.

Pale ulipozoea kusimama, Zainabu akasimama. Akaita. Wito wake ni mwembamba kuliko wako, na mguno unakuja mapema. Akangoja, akaita tena. Pori likaendelea kudondosha maji.

"Mwanangu," akasema Mama Ndunguru, mnene mmoja mwenye sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ndani ya mwili wa mwanamke, "huyo ndege ana simu kweli? Labda hana chaji."

Wenzake wakacheka. Issa hakucheka. Alinitazama, akautazama mkoba wangu.

Nikaitoa simu. Zainabu akaniona, akanisogelea, akasema taratibu ili wageni wasisikie.

"Shangazi, irudishe. Anayemwita sego ndiye anayemwachia sega. Baba akimwita leo, atamwachiaje? Unataka baba awe na deni kwa ndege?"

Uliwahi kunieleza haya. Ulisema ndege akiitwa, akaonyesha nyuki, halafu akanyimwa nta yake, hasahau, na siku nyingine atakupeleka kwa chatu. Katika maandishi yangu niliiita imani ya wenyeji, nikaendelea na aya inayofuata. Sikuja kuiamini asubuhi ile. Lakini mtu akikuambia hataki baba yake adaiwe, unabisha na nini? Niliizima simu, nikaisukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya mihogo ya kuchemsha.

Issa alikuwa amesikia.

"Basi kamati nitaiambia ndege hakuja."

"Waambie, baba mdogo. Si hakuja?"

Zainabu akawageukia wageni, akawaambia wazi kwamba ndege hajaja, na twendeni kwenye maua.

Sasa nikueleze la mbugani, maana hapo hakufanya kama wewe. Wewe ulikuwa ukiwasimamisha wageni na kuwatajia majina ya maua. Yeye aliwaambia walale kifudifudi.

"Kitenge cha jubilei hiki, unanilaza nacho kwenye matope?" Mama Ndunguru akauliza.

"Kitenge kitafuliwa, mama. Hili ua kesho kutwa halipo."

Akalala, akinung'unika. Mmoja mmoja wakalala wote. Nami nikalala, na magoti yangu haya. Bakari, nimeiona mbuga ile mara nyingi na sikuwa nimeiona. Ukiwa chini, yale mekundu ya mviringo yanasimama juu ya uso wako kama taa, hayana jani hata moja. Ya njano yana midomo, na ndani ya mdomo kuna mistari myembamba ya kahawia ambayo mtu aliyesimama hawezi kujua kwamba ipo. Mdudu alikuwa akiifuata mistari hiyo kuingia ndani. Nilimtazama hadi nikasahau nina umri gani.

Kisha palahala, wale swala wakubwa, wakatoka kwenye ukungu. Dume mweusi mbele, pembe zimepinda hadi mgongoni, na majike nyuma yake. Hawakutuona. Kwao tulikuwa vitenge tu kwenye nyasi. Walipita karibu kiasi kwamba nilisikia jike mmoja akipiga chafya. Mama Ndunguru alikuwa ameshika mkono wangu, na nadhani hakujua ni wa nani.

Walipoishia kwenye miti, bado tumelala, ikasikika sauti kama ya kiberiti kinachotikiswa. Hakuna aliyekuwa ameita. Sego alikuwa kwenye tawi pembeni ya mbuga, anatupigia kelele kama mtu aliyechoka kusubiri wageni.

Zainabu akainuka polepole. Akamjibu, kwa ule wito wake mwembamba. Ndege akaruka miti michache, akatua, akaita. Tukamfuata na matope yetu hadi kwenye mninga wenye tundu la nyuki. Zainabu akafukiza moshi. Issa akasimama na bunduki akitulindia mgongo, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya binti yako.

Tulikula asali. Kisha akakata kipande cha sega, akakiweka juu ya jani mahali pa wazi.

"Hicho kikubwa mno," Issa akasema. "Kaka hakuwahi kutoa hivyo."

"Baba alikuwa anajuana naye. Mimi naye ndiyo kwanza tunafahamiana."

Kwenye kikao cha kamati Issa alieleza yote kwa mpangilio. Zainabu alimwita ndege, hakuja. Wakalala, akaja. Hakuongeza, hakupunguza. Ningemwajiri redioni. Mjumbe mmoja akauliza sasa ndege aliitwa na nani. Issa akasema hajui, yeye alikuwa ameshika bunduki. Mwishowe safari wakampa Zainabu. Mama Ndunguru ameshasema atarudi, na safari hii atavaa kitenge cha zamani.

Mimi sijambo. Ninapokuwa njiani bado nageuka kukuonyesha vitu, halafu nakumbuka. Hali hiyo haijaisha, na sijaiharakisha iishe.

Kipindi chetu kitakwenda hewani. Watakusikia ukicheka, watakusikia ukinisema kuhusu bangili. Lakini pale ulipomwita ndege nitakata, nitaacha matone ya mvua peke yake. Redio zinasikika hadi mashamba ya pembezoni mwa pori, na sitaki uitikiwe mahali ambapo huwezi kufika na sega mkononi. Hilo nakuahidi, na unajua huwa sichezei kazi.

Pumzika, ndugu yangu. Hudaiwi.

Ni mimi, dada yako wa redio,
Songea