Mama Keziah na Kitabu Alichokiacha Katikati

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka bila hata kuaga, na Jumapili hii, hapa Midrand, Afrika Kusini, tunakukumbuka.

Ulifundisha chuoni habari za familia za zama za Malkia Viktoria, jinsi zilivyoketi jioni katika chumba cha vitabu, baba akisoma kwa sauti na mama akishona. Nawe ukaugeuza ukumbi wetu ukawa chumba hicho. Ila kazi ya kusoma uliichukua wewe, Baba ukampa vifungo vya mashati. Meneja mzima wa benki ya Sandton, sindano mkononi. Ulicheka mpaka machozi, naye akazoea, na mazoea yana taabu.

Riwaya yako ya mwisho, kuukuu kama ilivyokuwa, haikuwahi kusomwa na mtu. Kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana ukingoni tangu ilipochapwa, nawe ulizikata kwa kisu jioni baada ya jioni, ukitufasiria kwa Kiswahili tusije tukakisahau. Ulifariki hujafika nusu.

Tangu hapo Baba huketi palepale, mbele ya kiti chako kitupu, akishona. Vifungo vikiisha, hukata vilivyo vizima avishone upya.

"Eish, Baba, hilo shati liko sharp, halina kasoro. Unalishona nini tena?" Wayne alimuuliza.

Baba alimwashiria anyamaze, asikilize. Tuliogopa, Mama. Tuliona tunampoteza na yeye.

Wiki iliyopita Jelimo alijikaza, akaketi kwenye kiti chako, akafungua pale ulipoishia na kuanza kusoma. Baba hakuinua hata macho.

"Hapo tumeshapita, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Yule binti amesharudisha pete. Sasa hivi mjane anauza nyumba."

Jelimo akachukua kisu, akazikata kurasa moja baada ya nyingine. Pete ilikuwa imerudishwa. Nyumba ilikuwa inauzwa. Akakiacha kitabu wazi, akainuka kwenye kiti chako.

Zimebaki sura mbili. Hatukufukuzi, Mama; nyumba ni yako, na laiti nasi tungeisikia sauti yako. Lakini soma polepole. Na ukimaliza, nenda salama, ila Baba utuachie. Bado tunamhitaji.

Unakumbukwa na mumeo Gichuki, wanao Wayne na Jelimo, ndugu zako wa Eldoret, na wanafunzi wako wote.

Hatutakusahau kamwe, sisi sote, Baba akiwa pamoja nasi.